Tandiko la Pikipiki katika Njia ya Kilwa

Mwenye punda huko Lamu hamtwiki mnyama wake mzigo kabla hajalitazama tandiko. Hulipapasa kwa mkono, akatafuta mahali palipoganda au palipofanya kifundo, kwa kuwa ajua kwamba kifundo kidogo kikikaa mahali pamoja kutwa nzima kitamchubua mnyama mgongo. Na punda mwenye kidonda hafai kwa kazi mpaka apone. Siku hizi wengi wetu tumeacha punda, twapanda pikipiki. Pikipiki haina mgongo wa kuchubuka. Achubukaye sasa ni yule aketiye juu yake. Lakini ni nani miongoni mwetu apapasaye tandiko lake kabla ya kutoka nyumbani?

Ndugu wasomaji, mwezi huu nawaletea khabari za safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, njia ya takriban kilomita 300, niliyokwenda kwa pikipiki ya cc 125, namna ile ile itumiwayo na vijana wa bodaboda. Nilikwenda kuwatazama wanafunzi wa chuo kimoja cha huko katika mtihani wao. Khabari za mtihani si za leo. Nataka tuzungumze juu ya kiti, na juu ya mwili ukaao juu ya kiti hicho, kwa sababu katika njia ile nimeyaona mambo yawezayo kumfaa kila mwenye mwana, ndugu au mume atafutaye riziki yake juu ya magurudumu mawili.

KUTOKA MBAGALA HADI KIBITI

Atokaye Mbagala baada ya sala ya Alfajiri huipata njia ingali baridi. Hupita Vikindu, akaingia Mkuranga, nchi ya minazi na mikorosho, ambako kandokando ya barabara wamekaa wauza mananasi, machungwa na mihogo. Katika saa ya kwanza mwili hauna neno. Kiti chochote ni kizuri kwa muda wa saa moja, na hili ndilo liwadanganyalo wengi wanunuapo pikipiki: hukikalia dukani kwa dakika mbili, wakakibonyeza kwa kidole, wakakiona laini, wakatoa fedha zao.

Ukaribiapo Kibiti ndipo ukweli udhihirikapo. Kwanza huja joto chini ya mapaja, kisha uchovu wa kiuno, kisha mahali pawili pa makalio huanza kuuma kama pamewekewa vijiwe. Mahali hapo pawili hapakuchaguliwa na mtu. Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu na mifupa miwili chini ya nyonga, ambayo ndiyo ibebayo uzito wa kiwiliwili tuketipo. Kiti kikiwa chema, uzito huo hutoka juu ya mifupa ukaenea katika nyama za makalio na mapaja. Kiti kikiwa kibaya, uzito wote hubaki juu ya ncha mbili, damu ikazuiliwa kupita vizuri mahali hapo, na mwenye kuketi akaanza kuhangaika huku na huku kama aliyekalia siafu.

Sasa twaza, ndugu msomaji. Mtu ahangaikaye juu ya kiti, nusu ya fikira zake zi katika makalio. Nyuma yake laja lori la mizigo liendalo Mtwara, mbele yake mtoto avuka barabara na dumu la maji. Kwa ajili hiyo nasema kwamba jambo la kiti si la anasa. Maumivu hula uangalifu, na katika barabara kuu uangalifu ndio uhai.

KIJANA WA IKWIRIRI

Nilipofika Ikwiriri nilishuka ninyooshe miguu. Katika kituo cha bodaboda alikuwapo kijana ambaye zamani nilimsomesha juzuu za mwanzo. Alinijia mbio.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, maalim, ila mgongo na makalio. Tazama kiti changu, ni laini kuliko godoro la nyumbani. Nimeongeza sponji mara mbili. Lakini ikifika jioni siwezi kurukuu sawasawa. Huu mwezi wa pili naswali Isha kwa kuketi."

Neno hilo lilinigusa. Kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye nguvu za kupasua kuni, aswali kwa kuketi kama mzee! Nikamwuliza kwa nini hapumziki mchana. Akanijibu kwamba pikipiki si yake; kila jioni yampasa kumpelekea mwenyewe hesabu ya siku, na saa aipumzikayo ni saa ya abiria waliokwenda kwa mwenzake.

Basi nilikitazama kiti chake. Kwa macho kilipendeza, kimevikwa kitambaa chekundu chenye nakshi. Nilipokibonyeza kwa ngumi, ngumi ilizama mpaka ikagota katika plastiki ngumu ya chini. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya maradhi yake. Sponji laini kupita kiasi humkaribisha mtu vizuri, lakini baada ya muda hulala chini ya uzito wake. Mifupa ikashuka mpaka ikakutana na sahani ya chini, na pikipiki irukapo katika shimo, pigo lote hupanda katika uti wa mgongo. Kuongeza sponji nyingine laini juu ya ile ya kwanza ni kuongeza njia ya kuzama tu.

Jambo la pili: kiti kiliinamia mbele. Kila avungapo breki, kijana huteleza kuelekea tangi, akajisukuma nyuma kwa mikono. Afanyaye hivyo mara mia kwa siku, viganja vyake hufa ganzi na mabega yake huuma, naye hudhani kuwa ana ugonjwa wa mikono ilhali ugonjwa u katika kiti.

KAZI YA FUNDI

Hapakuwa mbali na duka la fundi wa makochi. Tulikwenda pamoja, na kwa kuwa fundi alikuwa mtu msikivu, kazi ilianza papo hapo. Nitaieleza hatua kwa hatua, ili asomaye aweze kumweleza fundi wa kwao.

Kwanza tulipima. Tuliweka kipande cha kadibodi ya boksi juu ya ubao, kijana akakikalia kwa muda huku amejiinamisha kidogo mbele na kuweka miguu kama awapo katika pikipiki. Aliposimama, kadibodi ilikuwa na mabonde mawili. Fundi akapima nafasi iliyo baina yake, akajua upana ambao kiti chapasa kuwa nao nyuma, mahali pa kukalia, ili mifupa yote miwili ikae juu ya sponji wala isiangukie ukingoni.

Pili, aling'oa pini za chini, akavua kitambaa, akatupa sponji zilizochoka. Juu ya sahani ya plastiki alibandika kwa gundi sponji ngumu, ile ambayo ukiikanyaga kwa kisigino hurudi upesi. Juu yake akaweka tabaka moja jembamba la sponji laini, unene wa kidole, la kuondoa ukali tu. Huo ndio mpango uliosadifu: ugumu wa kubeba uwe chini, na ulaini wa kupokea uwe juu.

Tatu, alichonga kwa kisu kikali. Nyuma alikiacha kiti kipana na sawa, kisiinamie mbele. Mbele alikipunguza kikawa chembamba, mapaja yasichubuke na miguu iweze kufika chini. Mtu asisahau jambo hili: kiti kikiinuliwa mno, mpandaji hugusa ardhi kwa vidole tu, na asimamapo penye mchanga au tope huanguka pamoja na abiria wake. Fundi alimtaka kijana akikalie mara nne kabla ya kufunga kitambaa, na kila mara alichonga kidogo.

Nne, alitandika karatasi nyembamba ya plastiki juu ya sponji, maji ya mvua yasiingie kwa matundu ya mshono, kwani sponji iliyolowa huoza na kumlowesha mwenye kuketi siku mbili baada ya mvua kwisha. Kisha akashona kitambaa kipya, mishono akiipeleka pembeni. Mshono ulio chini ya mfupa ni kile kifundo cha tandiko la punda.

Kwa asiye na uwezo wa kumwita fundi ziko njia nyingine. Ngozi ya kondoo iliyotengenezwa vizuri, manyoya yakiwa juu, ikifungwa imara juu ya kiti hupitisha hewa na kupunguza jasho, na haiwi ya moto juani kama ilivyo plastiki nyeusi. Tyubu ya baiskeli iliyokunjwa na kutiwa pumzi kidogo tu, ikafunikwa kwa kitambaa, hugawa uzito pia. Lakini ikijazwa sana huwa kama mpira wa kuchezea, na mpandaji huyumba juu yake. Chochote kiwekwacho juu ya kiti na kifungwe kisiteleze, la sivyo dawa itakuwa sumu.

KUVUKA RUFIJI

Kutoka Ikwiriri si mbali na mto Rufiji, mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Zamani wasafiri walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ulipofurika walingoja. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na siku hizi mtu huvuka kabla hajamaliza kuvuta uradi mfupi. Mbele yake ni njia ya kwenda Somanga, ambayo wazee waijua kwa matope yake ya zamani kabla ya lami. Hata lami nayo si ya kutegemewa milele: mwezi wa Mei mwaka 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara huko Somanga, na watu wa kusini wakakwama pande mbili.

Katika njia hii nilijiwekea kanuni, nayo nawausia vijana. Kila baada ya saa moja shuka, hata kama huna maumivu. Tembea hatua mia, inama, nyoosha mapaja, kunywa maji. Angojaye maumivu ndipo apumzike amechelewa, kwa kuwa nyama zilizokwisha kuumia hazitulii kwa dakika tano. Upitapo penye mashimo punguza mwendo, kisha jiinue kidogo juu ya vikanyagio, magoti yalipokee pigo badala ya uti wa mgongo. Usivae suruali yenye mishono minene, wala usiweke pochi katika mfuko wa nyuma, maana huinua upande mmoja wa nyonga na kukupindisha kiuno safari nzima.

Na msimsahau abiria. Mama aketiye nyuma hupewa sehemu finyu iliyo juu ya gurudumu, mahali parukapo kuliko pote, na mara nyingi ndipo penye sponji iliyochoka zaidi. Atengenezaye kiti na atengeneze pande zote mbili. Baibui na kanga zikunjwe na kukaliwa, ncha zake zisifike kwenye mnyororo wala kwenye spoki, kwani nguo ikishikwa na gurudumu humvuta mtu chini.

KILWA

Nilikula samaki Somanga, nikapita Nangurukuru, ambako iendayo Lindi huacha iendayo Kilwa, na Alasiri ilinikuta Masoko. Kesho yake, baada ya mtihani, nilivuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani. Humo mna magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, ambayo pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 1331 alifika huko Ibn Battuta, zama za Sultani Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri wake. Bwana huyo alisafiri kwa muda upatao miaka thelathini, kwa jahazi, kwa ngamia na kwa miguu. Nikasimama mbele ya nguzo za msikiti nikawaza kwamba hakuna asafiriye miaka mingi namna hiyo pasipo kuuchunga mwili wake. Mwili ndio chombo cha kwanza cha msafiri, na chombo hiki hakina duka la vipuri.

Niliporudi baada ya siku sita nilimpitia kijana wa Ikwiriri. Makalio, alisema, hayamwumi tena, na viganja vimepona ganzi. Kiuno kingali kikimwuma, ingawa kwa uchache. Nikamwambia kwamba kiti ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni mapumziko. Nikamwusia pia kwamba maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, asingoje, aende hospitali. Kisha nikaenda kwa mwenye pikipiki, mtu mwenye watoto wa makamo yake, nikamwomba ampunguzie hesabu ya siku ya Ijumaa. Alinyamaza kitambo, akatazama kile kiti kipya, akasema, "Maalim, nitampa nusu siku." Si haba.

Nanyi mlio na pikipiki mliyomkabidhi kijana wa mtu, nendeni leo mkakibonyeze kiti chake kwa ngumi. Ikigota chini, mwiteni fundi. Mola atujaalie wasafiri wetu warudi majumbani wakiwa wazima, na wenye mgongo wa kurukuu.