Tomi na Kuku wa Cucu

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Wapenzi wasomaji, mimi siwabishii wahenga, lakini methali hii nimeichunguza nikaona ina kasoro ndogo: samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hasikii uchungu wala hamkumbuki aliyemkunja. Mbwa je? Mbwa hukumbuka. Hapo ndipo wengi wetu huku Embu hupotea njia, nami nina ushahidi wa miguu minne, jina lake Tomi.

Ukisafiri kutoka Embu mjini kwenda Runyenjes utaona malango yenye kibao, “Mbwa Kali”. (Mwalimu wetu wa Kiswahili angetaka “mbwa mkali”, lakini hayo tuyaachie darasa.) Nyuma ya kibao, mara nyingi, pana mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, ambaye utotoni alilishwa pilipili ili awe mkali. Eti pilipili! Pilipili huwasha mdomo na tumbo, basi. Akikua humuuma mgeni, humuuma mwenyeji, humuuma hata anayemletea makoko ya ugali.

Tomi alikuja kwetu mwezi wa Novemba mwaka jana, kijibwa cha wiki nane, rangi yake kama ugali wa wimbi. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Mwezi wa Machi Cucu akakuta manyoya ya kifaranga chini ya mgomba, na Tomi kando yake akitikisa mkia kama aliyetuletea zawadi.

Msicheke. Kuku wa Cucu si wa mapambo. Mayai yao ndiyo hununua sabuni na chumvi, na majogoo wawili waliuzwa muhula wa kwanza ili nisirudishwe nyumbani kwa ajili ya karo. Cucu alinitazama, akasema polepole, “Mjukuu wangu, mbwa akishaonja kuku haachi. Nakupa mpaka shule zifungwe mwezi wa nane. Akila mwingine, hataamka.” Nilijua hatanii. Mbwa aliyemtangulia Tomi alilishwa sumu kwa kosa lilo hilo.

Mjomba naye alileta dawa yake: chemsha yai, mtie mdomoni likiwa moto. Wengine wakashauri afungwe kuku mfu shingoni mpaka aoze. Mimi nilikataa, tena kwa sababu. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake kuhusu usagaji wa chakula tumboni, alionyesha kwamba mbwa huunganisha mambo yanayofuatana upesi. Akizoea kusikia ishara fulani kisha chakula kikaletwa, mate humdondoka kwa kusikia ishara tu. Sasa ukimchapa Tomi jioni kwa sababu ya kifaranga cha asubuhi, anaunganisha fimbo na nini? Na wewe! Kuku hayumo kabisa katika hesabu yake.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo masomo ya Tomi yalikuwa dakika kumi alfajiri na dakika kumi jioni. Juma la kwanza tulisoma jina lake tu. Nikisema “Tomi” akinitazama, anapata kipande cha ugali kilichochovywa katika supu ya mifupa, kidogo kama punje ya hindi. Halafu tukasoma “Keti”. Kisha tukaanza kuku.

Nilimfunga kamba, tukasimama hatua ishirini kutoka kwa banda. Akiwatazama kuku kisha akanigeukia mimi, ugali. Akivuta kamba, tunarudi nyuma hatua tano, hakuna kelele, hakuna kiboko. Ilinichukua muda kujua kwamba mbwa husema kabla ya kutenda: mdomo hufungwa, masikio husimama, mkia hukakamaa. Ukimwita wakati huo bado anasikia. Ukichelewa, umechelewa. Na akianza kupiga miayo na kujiramba pua ilhali hana usingizi wala njaa, ujue amechoka, mwache. Mvua za Aprili zilituharibia kila kitu, maana kuku walikuja kujikinga pale pale chini ya ghala anapolala. Wiki tatu tulisonga hatua nne tu! Binamu zangu walinicheka wakaniita Mwalimu Mkuu wa Mbwa.

Niliwajibu kwamba huko Lewa, katika Kaunti ya Meru, kuna mbwa wanaofuata nyayo za majangili kwa harufu. Je, mbwa anayemwogopa bwana wake atamfanyia kazi hiyo kwa moyo?

Mwezi wa Julai chanjo ya kichaa cha mbwa ililetwa sokoni. Watu waliburura mbwa wao kwa kamba, vumbi na mayowe. Nilisema “Keti”, Tomi akaketi, sindano ikaingia. Mjomba aliona, akanyamaza.

Kisha, wiki mbili kabla ya kufunga shule, kuku mweusi akaangua vifaranga tisa. Siku hiyo sikuelewa neno lolote katika kipindi cha Kemia. Nilitoka shuleni mbio nikafika nyumbani nikihema. Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso hausomeki.

“Hesabu,” akaniamuru.

Nikahesabu. Tisa. Nikarudia, tisa. Tomi alikuwa amelala chini ya ghala, hana kamba, na kifaranga kimoja kilikuwa kinadonoa makombo karibu na pua yake. Alinitazama mimi, akamtazama kifaranga, akanitazama tena. Nilitia mkono mfukoni, sikuwa na ugali. Cucu akaingia jikoni mwenyewe akauleta.

“Huyu Tomi wako,” alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja kwa jina, “anafikiri yeye ni jogoo.”

Siku hizi tunasoma pikipiki. Vijana wa bodaboda wakipita hapo kwetu, yeye huwakimbiza mpaka darajani, na wao wamechoka kuinua miguu. Tulianza hatua arobaini kutoka barabarani. Juzi tulifika thelathini na nane.