Tulipanda Nyiragongo, lakini si sote

Mwezi wa 8, 2019, sisi walimu tisa wa Bukavu tulitumia likizo kwenda kupanda mlima wa Nyiragongo. Wengi mmetuuliza habari za safari. Tutawaambia yote, hata yale yasiyotupendeza.

Pesa tulizipata kwa likelemba ya miezi tisa. Tulipanda bato ya usiku, tukala bugali na sambaza, tukaimba. Katika kucheka mmoja wetu akasema: "Asiyeweza mlima atabaki bandarini kulinda mabegi!" Tulicheka sote.

Asubuhi tulishuka Goma. Pale bandarini tulinawa mikono, tukapimwa joto kwa ajili ya Ebola, kisha gari ikatupeleka Kibati, mahali njia inapoanzia. Gardi wa parki ya Virunga, aliyekuwa kiongozi wetu, akatuuliza: "Wamama, nani ana ugonjwa wa moyo, tansio, asma, magoti? Semeni hapa chini, juu ni mbali." Tulinyamaza. Akasema mwenye mwendo wa polepole atangulie, wengine wamfuate. Hakuna aliyekubali kuitwa wa polepole, basi tukajipanga ovyo.

Mwanzo ni msitu, njia ni nzuri. Halafu unafika kwenye mawe ya moto uliotoka mwaka 2002, ule ulioingia mjini Goma na kuchoma nyumba za watu. Mawe hayo yanateleza chini ya mguu kama mahindi makavu. Kilele kina metre 3.470, na kadiri unavyopanda, pumzi inapungua.

Kwenye pumziko la tatu mama mkubwa wa kundi letu aliketi, akashika kichwa. Macho yake yalikuwa yanaona giza. Ndipo akasema kwamba ana tansio, na dawa ameziacha nyumbani. Kiongozi hakubishana: gardi mmoja atamshusha, na mmoja wetu amsindikize.

Hapo, wapendwa, tuliangalia viatu vyetu. Miezi tisa ya likelemba! Mama mwenyewe akasema: "Endeni tu, wanangu." Mdogo wetu kuliko wote, mwalimu wa mwaka wa kwanza, ndiye aliyevaa mfuko wake mgongoni akasema: "Mama, twende."

Sisi saba tulifika juu jioni, tukitumia mikono na miguu katika mteremko wa mwisho. Tuliona ziwa la moto likichemka chini kabisa ndani ya shimo, jekundu, likinguruma. Baridi ilikuwa kali. Ni kitu cha ajabu, hatutasema uongo. Lakini katika vile vibanda vya kulala hakuna aliyeimba.

Kesho yake tuliwakuta Goma. Muuguzi alikuwa amempima mama, tansio ilikuwa juu sana, akapewa dawa na kulala vizuri. Tulimuuliza kwa nini hakusema Kibati. Akajibu: "Ningesema, mngeniacha na mabegi." Hatukuwa na jibu, kwa sababu ni kweli.

Tulidhani amekosa yeye kwa kuficha. Lakini sisi ndio tuliomfunga mdomo, usiku ule ndani ya bato, kwa mzaha wetu.

Kwa hiyo tumekata shauri. Safari nyingine, kila mmoja atapimwa tansio kabla ya kulipa, na atasema hali yake mbele ya wote. Atakayebaki chini atabaki na mwenzake, na jina la mwenzake litajulikana tangu nyumbani. Na zamu ya kwanza ya likelemba mpya tumempa dada yetu mdogo, ili naye siku moja akaone ule moto.

Mama anakunywa dawa zake kila siku. Anawasalimu.