Tumbo Lishikalo na Tumbo Lishikwalo

Kiswahili huwa na adabu nyingi kikaribiapo choo. Mtu huenda haja, na haja yenyewe hugawanywa kuwa kubwa na ndogo kama mafungu ya mirathi. Hujisaidia. Hutoka kidogo. Huenda msalani, na msala, kama wajuavyo wapenzi wa kamusi, ni pia mkeka wa kuswalia. Nazipenda tafsida hizi. Lakini zinatosha kuombea ruhusa ya kutoka tu. Hazitoshi kuelezea maradhi.

Yangu yalikuwa hivi. Kila nilipokula, kabla mikono haijakauka maji ya kunawa, haja kubwa ilinibana. Nikirudi, ikanibana tena, mara 2 au 3 kwa mlo mmoja. Haikuwa kuhara, maana choo hakikuwa maji, na siku nyingine kilikuwa kigumu. Wala haikuwa kufunga choo. Baina ya maneno hayo mawili nilikosa pa kusimama. Nikaanza kukataa karamu. Kwenye vikao vya mashairi, ambavyo kwetu Mombasa havikamiliki bila sinia la wali, nilisoma na njaa yangu na kuondoka kabla ya sinia kutua. Wenzangu wakanidhania nina maringo. Ushairi wetu umeimba moyo, mtima, maini, hata nyongo. Utumbo haukupewa ubeti.

Tabibu alinipima, asione kidonda wala vijidudu. Alinieleza kwamba chakula kinapoingia tumboni na kulitanua, utumbo mpana hupata ishara ya kusukuma kilichotangulia. Hilo humtokea kila mwanadamu, hasa asubuhi na baada ya mlo mkubwa wenye mafuta. Kwa baadhi yetu utumbo huitikia kwa pupa. Maelezo yalinituliza. Jina la ugonjwa lilikuwa herufi 3 za Kiingereza, na mtu hawezi kutunga kwa herufi 3.

Jina jingine nilipewa na jirani yangu, mzee wa Kigujarati ambaye ukoo wao umetumia tiba ya Ayurveda tangu babu zake. “Mwalimu,” aliniambia, “hiyo ni grahani.” Neno hilo la Kisanskriti hutaja ugonjwa na pia kiungo kinachougua, na limejengwa juu ya mzizi wenye maana ya kushika. Kitabu cha kale cha Charaka Samhita kinaieleza katika sura ya 15 ya sehemu yake ya tiba: grahani ni makao ya moto wa mmeng'enyo, uitwao agni, hukishika chakula kibichi hadi kiive, kikishaiva hukiachia. Moto ukififia, mshiko hulegea, na chakula huachiwa ovyo, mara kigumu, mara chepesi.

Sina hakika kama kuna moto wowote tumboni mwangu. Nina hakika kwamba sitiari hiyo imekaa sawa. Mzizi uleule ndio uliozaa neno la Kihindi la kupatwa kwa jua na mwezi. Nasi pia husema mwezi umepatwa, yaani umekamatwa. Kisha tazama Kiswahili kinavyogeuza mambo: sisi husema mtu ameshikwa na tumbo. Kwao tumbo hukishika chakula. Kwetu tumbo humshika mwenye kula. Usiku ule nililala nikicheka.

Dawa yenyewe ilikuwa ya jikoni. Kikombe kimoja cha mtindi hupigwa na vikombe 3 vya maji, siagi inayoelea huenguliwa, hutiwa bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa, chumvi kidogo na tangawizi. Hunywewa baada ya chakula cha mchana, si usiku. Chakula kikawa cha moto na laini, kwa saa zilezile kila siku, kwa kiasi cha kubakiza nafasi tumboni. Maji ya barafu nikayaacha. Kwa majuma kadhaa nilikula mseto, wali uliopikwa pamoja na choroko, ambao Wahindi nao humpikia mgonjwa wa tumbo, na sisi tunauona chakula cha nyumbani kabisa.

Mbano ulipungua hadi mara moja, na siku nyingine haukuja. Huenda ni bizari; huenda ni kula kidogo kwa saa maalumu; huenda ni kuacha kuogopa. Siwezi kuzitenganisha, na anayedai anaweza namtilia shaka. Mtu ambaye maziwa humsumbua asianze na mtindi. Vidonge vya Kiayurveda vyenye madini sikuvigusa, kwani baadhi vimekutwa na risasi na zebaki. Na mwenye kuona damu chooni, au kupungua uzito, au kuamshwa usiku na haja, asisome insha, aende hospitali.

Limebaki daftari langu. Mbele ya neno grahani nimeandika “kishikizo”, nikakipiga mstari, nikakiandika tena. Ni neno la nguo kuliko la mwili. Wenzangu wa Lamu, Pemba na Vanga, bibi zenu walimwitaje mtu ambaye hajamaliza tonge na tayari anatafuta ndala za chooni?