Chumvi ya Mbotela Yatoka Gongoni

Katika maduka ya Mbotela, mtaa wa Eastlands ulio kando ya barabara ya Jogoo, Nairobi, pakiti ya nusu kilo ya chumvi haikosekani. Mtaa wenyewe una damu ya pwani: uliitwa kwa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952, ambaye ukoo wake ulikuwa wa Frere Town, Mombasa. Chumvi nayo yatoka mbele zaidi.

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi. Shika barabara ya Garsen kilomita 30 nyingine, utafika Gongoni, kisha Marereni. Vile vilima vyeupe vinavyometa juani si mchanga, msomaji, ni chumvi.

Bamvua inapojaa, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, yakahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua likiyapunguza. Jasi hutangulia kutua, ndipo chumvi ifuate. Maji yanayobaki huondolewa mapema, maana yakikaukia humo chumvi huwa chungu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina, kwa hiyo pakiti ile ya dukani imekausha karibu debe zima! Mvua ikishuka ghafla, kazi ya majuma huyeyuka. Ndiyo maana jua kali la kaskazi, linalotukimbiza kivulini, huko huombewa dua.

Kuvuna kwa mkono ni kazi ya beleshi. Gamba huvunjwa, chumvi ikakusanywa mafungu mafungu. Maji yale hutafuna nyayo na mng'ao huumiza macho. Buti za mpira hapo si anasa.

Lakini mabwawa yataka ardhi, na ardhi ilikuwa na watu. Mwaka wa 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu mashamba ya chumvi ya Magarini. Wenyeji walilalamika kwamba walifukuzwa mashambani, visima vyao vikaingia chumvi na mikoko ikakatwa. Ripoti ilitoka 2006, wala kilio cha ardhi hakikuishia hapo.

Basi za Malindi kwenda Lamu hupita Gongoni. Ukisafiri na watoto, waketishe upande wa kulia, ulio wa bahari.