Ndugu Wadogo na Mizani ya Majani Chai

Kanuni ambayo Fransisko wa Asizi aliwaandikia ndugu zake mwaka 1221 ina agizo ambalo mtu wa mashamba ya chai ya Kericho au Bomet hawezi kulipita hivi hivi. Ndugu wanaofanya kazi katika nyumba za watu, anaagiza, wasiwe watunza hazina wala wasimamizi; wawe wadogo, chini ya wote waliomo humo. Huku kwetu tungesema kwa ufupi: Mfransisko achume, asiwe mnyapara.

Mama yangu alichuma chai ya kampuni kwa miaka mingi. Asubuhi, ukungu haujaondoka, yuko mstarini na kikapu mgongoni, anachuma majani mawili na chipukizi lake. Jioni kwenye mizani anaitwa kwa namba. Karani hakuwa mtu mbaya. Foleni ilikuwa ndefu na giza linaingia. Lakini namba ile ilimganda mama hadi akawa anaitaja kabla ya jina lake. Ndiyo maana niliposoma mafundisho ya Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki Cologne mwaka 1308, niliona yanamhusu yeye. Scotus alifundisha kwamba kila kilichoumbwa kina upekee wake usiorudiwa: Mungu hakuumba watu kwa jumla, aliumba huyu na yule. Alifundisha pia kwamba Mwana wa Mungu angetwaa mwili hata kama Adamu asingeanguka, kwa kuwa upendo ulitangulia dhambi. Wengi humkumbuka kwa kutetea kwamba Maria alikingiwa dhambi ya asili, fundisho alilolitangaza Papa Pio IX mwaka 1854. Mimi nashikilia lile la upekee, maana mbele ya Mungu wa Scotus hakuna anayesimama kwenye foleni kama namba.

Udogo ule wa Kanuni ndio uliopaswa kuwa njia ya Wafransisko ya kueneza Injili. Kanuni ile ile inawaelekeza wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu kwanza wasibishane na mtu, wanyenyekee kwa kila kiumbe kwa ajili ya Mungu na kukiri tu kuwa ni Wakristo. Kuhubiri kuje pale watakapoona kunampendeza Mungu. Mwaka 1219, wakati wa vita, Fransisko mwenyewe alikuwa amekwenda Damietta, Misri, akavuka hadi upande wa Waislamu bila silaha na kuzungumza na Sultani al-Kamil.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki iliona mambo mengine. Julai 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipoiteka Kilwa, mapadri Wafransisko walishuka melini na misalaba miwili wakiimba, na sala ilipokwisha askari wakaanza kupora mji. Ngome waliyoijenga hapo iliachwa mwaka 1512. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nawapenda ndugu hawa. Mtu aliyeporwa nyumba yake asubuhi atausikilizaje msalaba jioni?

Wafransisko ninaowafahamu mimi ni wa aina nyingine. Jimbo letu la Kericho lilimegwa kutoka Nakuru mwaka 1995, na mahujaji wetu bado hupanda magari kwenda Subukia, kwenye mlima wa Mama Maria, ambako Wafransisko Wakonventuali wanahudumu. Huko mgeni hupokelewa na maungamo husikilizwa, mtu mmoja mmoja, hata siku ambayo umati umejaa mlimani. Kwangu huo ni utume kamili, na si maandalizi ya kitu kikubwa zaidi.

Sasa nina shamba langu dogo la chai, na majani yanapokuwa mengi naajiri wachumaji. Hapo ndipo Kanuni ya 1221 inaponibana, kwa sababu mwenye shamba hawezi kujifanya hana mamlaka. Mshahara wa wenzake unatoka mfukoni mwake. Ninachoweza ni kuchuma nao mstari mmoja. Kabla majani hayajapelekwa kituoni tunayapima shambani, na mizani hushikwa na wachumaji wenyewe kwa zamu. Mwenye zamu ndiye anayeandika daftarini jina na kilo za kila mmoja, zangu zikiwemo, nami nalipa kwa daftari hilo.