Ndoto ya Mume Wangu Ina Pembe

Msomaji, wanaume wengine wakikaribia miaka arobaini huota gari jipya. Wengine huota mambo ambayo hatutayaandika hapa. Wangu mimi anaota mnyama. Sio siri, siku ya kwanza aliponiambia nilicheka mpaka machozi. Mimi mtoto wa Tanga bwana, kwetu kitoweo kinatoka baharini.

Mnyama mwenyewe anaitwa prongihoni. Anaishi kwenye nyika za magharibi mwa Amerika Kaskazini, na jimbo la Wyoming ndilo lenye wengi kuliko yote. Ukimwona utasema swala: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, pembe nyeusi zenye kijitawi. Lakini si swala hasa. Ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Niliposoma hivyo nikamwambia, "Baba Nasra, yaani uvuke South Dakota nzima kwenda kumpiga binamu wa twiga, mnyama wa taifa letu?" Akacheka, lakini wazo halikumtoka.

Sisi tunaishi Minneapolis. Yeye ni mtu wa kompyuta, mimi muuguzi. Hela tunaipata kwa jasho na kila dola ina kazi yake: nyumba, shule ya Nasra, wazazi nyumbani, na kiwanja cha Kigamboni ambacho msingi wake unasubiri matofali. Kwa hiyo swali langu halikuwa "bunduki gani?" Lilikuwa "kwa nini?"

Babu yake kule Tabora alikuwa na gobore. Kila kiangazi alitoka na wenzake kwenda porini, na kila mjukuu alipoomba kufuatana nao aliambiwa, "Kua kwanza." Akakua, akapata nafasi ya kusoma Marekani, na babu akafariki yeye akiwa huku. Mazishi aliyasikia kwenye simu. Aliyeishi ughaibuni anaujua msiba wa namna hiyo, unalia halafu kesho yake unaingia kazini kama kawaida. Aliponieleza hayo niliacha kucheka. Nikachukua daftari, tukaanza kupanga kama tulivyopanga harusi.

Kwanza ni kibali. Wyoming huwapa wageni leseni kwa bahati nasibu. Unaomba kabla dirisha halijafungwa mwanzoni mwa Juni, majibu hutoka mwezi huohuo. Ukikosa, unajiwekea pointi zinazokusogeza mbele miaka inayofuata. Leseni ya kawaida kwa asiye mkazi inazidi dola 300, kabla hujamlipa mtu mwingine yeyote. Na kila aliyezaliwa kuanzia 1966 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Baba Nasra alikaa darasa moja na watoto wa miaka kumi na miwili, akafaulu, akaja kunionyesha cheti kama vile kamaliza chuo kikuu.

Pili ni mwongozaji. Kwenye nyika za wazi sheria haikulazimishi kuwa naye. Inamlazimisha mgeni kwenye mapori yaliyotengwa rasmi tu. Lakini mashariki mwa Wyoming ardhi nyingi ni ya watu binafsi, huingii bila ruhusa. Mwongozaji anajuana na wenye mashamba, anajua wanyama wanakunywa wapi na upepo unatokea upande gani. Malipo yake yanafika maelfu ya dola, hivyo niliyaandika maswali yangu mwenyewe. Tukikosa leseni, malipo ya awali yanarudishwa? Chakula na malazi vimo? Nani anamlipa mchinjaji? Tena majibu tuyapate kwa maandishi, si kwa "usijali, shemeji".

Niliuliza pia kuhusu wanyama wenyewe. Baridi kali ya 2022 kuingia 2023 iliua maelfu ya prongihoni magharibi mwa jimbo hilo, na mamlaka ya wanyamapori ikapunguza leseni. Nilitaka kujua eneo tunalokwenda lina wanyama wa kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikaribia kwisha kabisa kwa kuwindwa ovyo. Waliokolewa na sheria, na ada za leseni pamoja na kodi ya bunduki na risasi, iliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 1937, zinasaidia kuwatunza mpaka leo. Hapo roho yangu ilitulia kidogo. Kidogo tu.

Kisha nikatoa masharti. Hela ya Kigamboni haiguswi, na hakuna mkopo. Mnyama mmoja, na nyama yote italiwa. Atasema bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kiwe kiunoni. Septemba kule jua bado kali, kwa hiyo ngozi itoke haraka na barafu iwe tayari kwenye gari, la sivyo nyama inaharibika. Na asipige mbali kuliko mita 200, umbali anaoumudu anapofanya mazoezi kila Jumamosi. Sitaki mnyama akimbie na jeraha kwa sababu ya ndoto ya mtu.

Sharti lililobaki ndilo lililotupa kazi. Prongihoni anakimbia karibu kilometa 90 kwa saa, na macho yake yanakuona ungali mbali mno. Nyikani hakuna mti wa kujificha, unatambaa kwa tumbo, na bado anaweza kukuacha umelala na miiba. Hela ya mwongozaji hainunui mnyama. Inanunua siku tatu za kumtafuta. Nikamwuliza, "Ukirudi mikono mitupu je? Utaninunia mwaka mzima? Utataka twende tena?"

Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu tukiwa tunaosha vyombo akasema, "Mama Nasra, babu alikuwa anarudi bila kitu mara nyingi tu. Bibi alikuwa anabandika maharage kabla mzee hajatoka."

Mashoga na makaka, wengi tunajua kupanga safari ya kufanikiwa. Kaeni muulizane pia mtakula nini mkikosa. Mimi nilipata jibu langu, nikasaini bajeti.

Maombi yameshatumwa, tunasubiri Juni. Sheria inamtaka mwindaji avae rangi ya machungwa au ya waridi inayong'aa. Mimi nitafuatana nao bila bunduki, lakini waridi langu nimeshanunua. Na kwenye orodha ya mizigo, chini ya barafu na kisu, nimeandika kwa mkono wangu: maharage, kilo mbili.