Mpishi wa Mabao

Katika kandanda yuko mchezaji ambaye hatajwi sana siku ya ushindi, naye ni mchezaji wa kiungo, mpishi wa mabao. Huinua macho, huona mwanya ambao wengine hawajauona, humpa mwenzake pasi. Mwenzake akafunga, uwanja ukamshangilia mfungaji. Rainford Kalaba, mzaliwa wa Kitwe, alijulikana kwa kazi hiyo katika timu ya taifa ya Zambia na katika TP Mazembe ya Lubumbashi.

Usiku wa tarehe 12 Februari 2012 nilikuwa nyumbani Kabuta, kando ya Ziwa Mweru. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu niliyerudishwa kwa kukosa karo. Aliyekuwa akinilipia ni kaka yangu, mvuvi. Lakini kila mwaka, tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane. Mitumbwi ilikuwa imelazwa mchangani, na mfuko wa kaka ulikuwa mtupu. Nami, badala ya kuvumilia, nilikuwa nimemnunia siku tatu.

Tulikwenda kwa jirani kutazama fainali ya Kombe la Afrika iliyochezwa Libreville, kati ya Zambia na Ivory Coast. Dakika 120 zilikwisha bila bao. Katika mikwaju ya penalti tukafika 7 kwa 7, kisha Kolo Touré akakosa. Kalaba akaenda kupiga mkwaju ambao ungetupa kombe. Akaupaisha juu ya lango. Nilimtukana kwa sauti kubwa.

Kaka alinigeukia, akasema kwa upole: "Mdogo wangu, ziwa nalo hufungwa miezi mitatu. Je, umekwisha kuisahau ile tisa?"

Sikuwa na la kujibu. Gervinho naye akakosa, Stophira Sunzu akafunga, tukatwaa kombe kwa 8 kwa 7. Kijiji kizima kiliimba jina la Sunzu. Hakuna aliyekumbuka kwamba katika mechi ya kwanza, tulipowashinda Senegal 2 kwa 1, bao moja lilikuwa la Kalaba.

Kalaba hakukata tamaa. Mwaka 2015, akiwa pamoja na Mbwana Samatta wa Tanzania, Mazembe ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika. Na mwaka 2016 na 2017, Kombe la Shirikisho.

Aprili 2024 alipata ajali ya gari. Habari za kwanza zilisema amefariki. Kumbe yu hai. Habari hiyo ilinitia hofu. Nilipanda basi kutoka Mansa, ninakofanya kazi ya serikali, nikamkuta kaka akishona wavu. Nikamwambia neno nililolificha miaka 12: "Ahsante, kaka, na unisamehe." Alicheka kidogo, akanipa ncha ya wavu niishike.

Ndugu msomaji, nawe uliye lindoni au kambini, ni nani akupikiaye mabao? Labda ni mkeo aleaye watoto peke yake, labda ni mzazi aliyeuza ng'ombe ukasome. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, naye angali akisikia.